Siku yangu ndani ya Tower of London

Jamani, jana nimefika Tower of London, ile ngome ya kale jijini London, na hadi sasa moyo haujatulia. Lile jengo kongwe la katikati, White Tower, lilianza kujengwa miaka ya 1070 kwa amri ya mfalme William, yule wa Normandy aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Kuta zake za chini zina unene unaofikia mita 4 na ushei. Alitaka watu wa London wakiinua macho wamwogope.

Miaka ikapita, ngome ikawa kila kitu: makazi ya wafalme, ghala la silaha, mahali pa kutengenezea sarafu, gereza. Hata wanyama walifugwa humo! Mwaka 1252 mfalme Henry wa Tatu aliletewa dubu mweupe kutoka Norway, dubu huyo akawa anafungwa kamba ndefu aende kuvua samaki mto Thames. Mwanangu hiyo ndiyo aliyoisimulia njia nzima.

Mimi nilinyamaza pale kwenye uwanja alipokatwa kichwa malkia Anne Boleyn, Mei 1536. Amezikwa hatua chache tu, ndani ya kanisa la mle mle.

Halafu vito vya kifalme. Almasi kubwa iliyo kwenye fimbo ya mfalme, karati 530, ilikatwa kutoka jiwe la Cullinan lililochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Nililipita, nikarudi, nikarudi tena. Limetoka kwetu lile. Niliumia, nasema kweli, na mwanangu nimemweleza limetoka wapi.