Msindano si mbuni: siku yangu moja kitaluni Moshi

Saa 12 asubuhi nafungua geti. Kitalu chetu kiko kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, nje kidogo ya mji, na leo mlima uko wazi, Kibo yote inaonekana. Ikifika saa nne mawingu yatakuwa yameshaufunika. Navuta mpira wa maji: parachichi kwanza, halafu mibuni ya kahawa, halafu grivelia. Misindano, yaani mipaina, naiacha mwisho, na siimwagilii kwa mazoea. Naingiza kidole kwenye kiriba, nikikuta ubaridi chini napita. Wateja wengi huua msindano kwa kuulowesha kila siku wakidhani wanaupenda.

Saa 1:30, chai na maandazi, kisha kujaza viriba. Udongo wa misindano una siri yake. Lazima nichanganye na udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa ya shambani, ule wenye utando mweupe kama ukungu. Utando huo ni kuvu inayoishi na mizizi na kuisaidia kunyonya maji na chakula. Msindano tunaootesha hapa, Pinus patula, asili yake ni Meksiko, na kuvu yake ililetwa nao. Bila hiyo mche hudumaa, ukawa wa njano hata ukiumwagia mbolea.

Saa 3 hadi saa 6 ni wateja. Parachichi ishirini, mibuni, mama mmoja akataka waridi. Sina la kusimulia hapo.

Saa 7 mchana Mama mwenye kitalu anakwenda kula, kitalu kimetulia, nami natoa mti wangu, msindano ninaoulea uwe bonsai, yaani mti mdogo wa kukaa chomboni.

Niliukuta nyuma ya banda mwaka juzi. Mche uliosahaulika, kiriba kimepasuka, mzizi umeshaingia ardhini, shina nene kama kidole gumba na limepinda kufuata mwanga. Anayepanda kwa ajili ya mbao hataki kitu hicho hata bure. Nilimpa Mama shilingi 3,000, akaniuliza mara mbili kama nimeuangalia vizuri. Niliuangalia. Pale ulipopinda ndipo palipo na mti ninaoutaka, na mkunjo kama ule mkono wangu usingeweza kuutengeneza.

Sasa unakaa kwenye beseni la plastiki nililolitoboa kwa msumari wa moto, ndani nimechanganya udongo wake wa zamani na changarawe nyepesi za volkano nilizochekecha vumbi. Bonsai kwa Kijapani ni kitu kilichopandwa kwenye trei, na trei yenyewe itakuja baadaye. Sindano za msindano huu ni ndefu kuliko kiganja changu, zinaning'inia tatu tatu, kwa hiyo sijidanganyi kutafuta kimti cha kukaa mezani. Nalenga urefu wa goti. Hapo sindano ndefu na shina vitaelewana.

Nawasha jiko la mkaa. Waya wa shaba niliopewa na fundi umeme nimeshauchuna plastiki. Nautia motoni mpaka uwe mwekundu, nauacha upoe. Shaba iliyochomwa hivyo huwa laini kama kamba, na ukiikunja huanza kukaza tena. Ndiyo sababu nazungusha mara moja tu, taratibu, kwa mshazari, waya wenye unene wa kama theluthi ya tawi. Waya mmoja nashikia matawi mawili ili kila moja liwe nanga ya mwenzake.

Kabla ya hapo kuna kukata. Matawi manne yametoka sehemu moja kama miguu ya buibui, nabakiza mawili. Lile refu la chini natamani kulifupisha mpaka karibu na shina. Naweka mkasi, nautoa.

Mzee mmoja wa Kibosho amefika, anasubiri miche yake ya parachichi. Nimemwamkia, ameitikia, amesimama kunitazama.

"Kata hapo, mwanangu. Si litachipua?"

Anasema kama mkulima wa kahawa, na kwa mbuni yuko sahihi kabisa. Mbuni uliozeeka unaukata kisiki, mvua ikinyesha unatoa machipukizi mpaka unachagua. Mimi pia nimelelewa hivyo, na msindano wangu wa kwanza niliukata hivyo hivyo, nikaacha vijiti vitupu. Nikakaa miezi nikisubiri. Vijiti vyote vilikauka, kisha shina. Msindano ukiacha tawi bila sindano hata moja, mara nyingi tawi hilo ndilo limekwisha. Kwa hiyo nafupisha mpaka pale ambapo bado kuna sindano za kijani, nasubiri vichipukizi vitoke huko ndani, ndipo nirudi nyuma tena.

Namweleza mzee. Anafikiri. "Kwa hiyo huu unataka ukatwe kwa awamu." Ndivyo.

Anauliza utaishi miaka mingapi ndani ya beseni. Namwambia kuna msindano mweupe wa Kijapani uliotunzwa na familia ya Yamaki, ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625, ulikuwa Hiroshima bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, ukapona, na mwaka 1976 ukapelekwa Washington kama zawadi. Uko hai hadi leo. Mzee anagusa sindano za mti wangu kwa ncha ya kidole, hasemi kitu, anabeba miche yake.

Saa 9 nashusha tawi la chini. Nimelizungushia nyuzi za mgomba zilizolowekwa, ndipo waya. Nasukuma kidogo, napumzika, nasukuma. Linalia: ta! Nasimama hapo hapo. Ufa mdogo, utomvu unatoka. Silirudishi juu wala sisukumi zaidi. Nakaza nyuzi, naliacha nusu ya njia. Mizizi nayo siigusi leo. Itasubiri vuli, na hata hapo sitaiosha, nisije nikaondoa ule utando mweupe.

Saa 11 nasugua vidole kwa mafuta ya kupikia, maana utomvu hauogopi sabuni. Nafagia sindano, nausogeza mti chini ya wavu wa kivuli, mbali na upepo.

Saa 12 jioni nafunga geti, narudi tena kuliangalia lile tawi. Sindano zake bado zimesimama kama za wenzake. Kesho nitaanzia kwake kabla ya kushika mpira wa maji.