Siku moja maabara: panya, sumu ya nge na pumzi inayokatika

Saa 2 asubuhi. Natafiti jinsi sumu ya nge inavyoathiri pumzi na mapafu. Nge mwenyewe simwoni. Sumu hukaa kwenye friza ikiwa unga mkavu. Naiyeyusha kwa maji ya chumvi, naiweka kwenye barafu.

Saa 3. Panya anapewa nusukaputi. Mrija mmoja naupitisha kwenye vena ya shingo, mwingine kwenye ateri ya paja kwa ajili ya presha. Kisha nafunga uzi kwenye ngozi ya kifua: kila akivuta pumzi uzi unavutika, na mstari unapanda kwenye skrini. Kazi ya uzi ndiyo inayonimaliza. Ukilegea kidogo tu, huna kipimo.

Saa 5. Kwanza bila sumu. Nachoma fenildigwanaidi kidogo venani, na ndani ya sekunde pumzi inakatika, mapigo yanapungua, presha inashuka, halafu vyote vinarudi. Kemikali hiyo huamsha vipokezi vya J, yaani ncha za neva zinazohisi hali ya mapafu, vilivyo kando ya kapilari (mishipa myembamba ya damu), ambavyo mwanafiziolojia wa India A. S. Paintal alivieleza mwaka 1955. Vinapeleka habari kwenye ubongo kupitia vagasi, neva inayounganisha ubongo na moyo na mapafu, moja kila upande.

Saa 6. Sasa sumu. Hiyo huchelewesha kufungwa kwa njia zinazoingiza sodiamu kwenye neva, hivyo neva zinafyatua ovyo na adrenalini inamwagika. Moyo unahangaika, mapafu yanaanza kujaa maji. Narudia fenildigwanaidi, dozi ileile: safari hii mstari wa pumzi unalala muda mrefu zaidi, na mapigo yanashuka zaidi.

Saa 8 mchana. Panya mwingine, vagasi zimekatwa pande zote mbili. Nachoma fenildigwanaidi, na hakuna kinachotokea: pumzi ilikuwa inakatwa kupitia neva hizo. Wapo wanaodhani sumu ya nge huua kwa kuharibu moyo tu; hapa ndipo wangepaswa kusimama nami.

Saa 10. Mapafu yanapimwa yakiwa mabichi, kisha yanaingia kwenye oveni hadi yakauke. Tofauti ya uzito ni maji.

Saa 11 jioni. Mwanafunzi anauliza kama watu walioumwa na nge wapewe atropini, dawa inayoongeza mapigo ya moyo, maana mapigo yanashuka. Namkatalia: kwa mtu aliyeumwa na nge mwekundu wa India, tatizo kubwa ni dhoruba ya adrenalini, na atropini huweza kuizidisha. Kwa wagonjwa hao, Dk. Himmatrao Bawaskar wa Mahad, India, alianza kutumia prazosini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, miaka ya 1980.

Kesho zamu ya aprotinini, dawa inayozuia kutengenezwa kwa kinini, kemikali za mwili zinazofanya mishipa ya damu ivujishe maji. Nataka kuona kama mapafu yatabaki makavu.