Ukoko wa mfereji umetoka jamani

Wallahi nimefurahi. Mfereji wa bafuni, yani bomba la maji, ulishaganda ukoko mweupe, si mwajua maji ya visima vyetu hapa Lamu yana chokaa na chumvi, nasugua na waya wa masufuria ndo kwanza nakwaruza tu, jana mamangu akanambia mwanangu wacha nguvu chukua siki, nkalowesha kitambaa nkauzungushia kama nusu saa hivi, kufungua naona vipovu vidogovidogo na ukoko umelainika kama chaki ilolowa, mswaki mkuukuu ukamaliza. Birika nalo nkalichemshia maji na ndimu 3, ndani lang'aa! Ila tafadhalini siki isiguse kuta za chokaa wala marumaru, itazila, na msiichanganye na jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kabisa, moshi wake ni sumu.