"Njoo hapa nikuone"

Ni Jumatano na bado nasikia tu maneno ya kaka Rama ya Jumapili. Wiki hii mkataba wangu umeongezwa na Salma amevishwa pete, tumekula na kushangilia, lakini nikizima taa narudi palepale, pikipiki 11 zinaunguruma, watu wanavaa helmeti, mi nimeshajipanga wa saba, na yeye ananyoosha kidole mbele ya wote, "Wewe, njoo hapa nyuma yangu, nikuone kwenye saitimira."

Nikamwambia, "Naweza kukaa popote." Akasema, "Najua."

Najua! Sasa kama unajua? Aliyewahi kwenda msafara anaelewa kwamba nyuma ya kiongozi anawekwa yule mgeni au asiyejiweza, ili mwendo upimwe kwa uwezo wake, na mtoto wa shemeji ana miezi miwili tu kwenye pikipiki ila yeye kaachwa katikati! Nilisaga meno njia nzima, tunakwenda zigizaga, mmoja kushoto mmoja kulia, na kila nikiinua macho naona macho yake kwenye kile kioo.

Tukafika kwenye mibuyu. Ule mkubwa kabisa una uwazi tumboni, tuliingia watu tisa na nafasi ikabaki. Nilipoweka kiganja kwa ndani nikakuta baridi, maana mbuyu unahifadhi maji mengi sana kwenye shina, na hata ukichunwa ganda linaota tena, miti mingi ingekufa hapo. Watoto wakauliza una miaka mingapi. Kwa macho huwezi kujua, mbuyu mmoja mara nyingi ni mashina kadhaa yaliyoungana na ile miduara ya ndani ya shina inayohesabiwa kujua umri haiaminiki, mpaka wapime kaboni ya mbao yake. Nikawasimulia ule wa Panke, Zimbabwe, uliokadiriwa miaka 2,450 hivi na ukafa 2011. Wakanyamaza wote.

Na humo ndani, kwenye ule ukimya, ndo nikaona kaka Rama anaangalia goti langu. Lile goti. Mnakumbuka niliwaandikia nilivyoteleza kipindi cha mvua, nikawaambia "walinitoa mtaroni". Ni yeye aliyenitoa. Siku ile mimi nilikuwa nyuma na yeye ndo alikuwa anaongoza, aligeuka akakuta barabara tupu, akarudi peke yake ananitafuta, na mimi mwaka mzima sijawahi kumuuliza zile dakika zilikuwaje kwake.

Kurudi nilijipanga nyuma yake mwenyewe bila kuitwa. Hakusema kitu, akarekebisha tu kioo.

Nilitaka nimpigie leo nimwambie chochote, hata asante, ila mama hajapokea simu tangu asubuhi na jana alisema kifua kinambana, alisema ni gesi tu, nimepiga mara nne, ngoja nimjaribu jirani.