Jioni ribosomu ilipojizungusha

Juzi binti yangu kajilaza kwenye kochi, homa imeanza kushuka baada ya dozi ya pili ya Coartem, akaniuliza: "Mama, hicho kijidudu cha malaria umewahi kukiona?" Nikamwambia nimeona hata mtambo ulio ndani yake. Akasinzia kabla sijaeleza.

Ni enzi zile za Makerere na seva ya kuazima. Tulikuwa tumeshusha kutoka EMPIAR, hazina ya wazi ya picha za hadubini ya elektroni, picha za ribosomu, yaani mtambo wa kutengeneza protini, ya kijidudu cha malaria Plasmodium falciparum, ambazo matokeo yake yalichapishwa 2014. Picha 105,247, kila moja ina ribosomu moja iliyogandishwa kwenye barafu, imelala upande wowote. Ukifungua moja unaona chenga tu, kama runinga iliyopoteza mawimbi, kwa sababu picha hupigwa kwa elektroni chache; zikizidi protini inaharibika. Wenyewe waliozipiga walizipanga kwa maelfu wakatoa wastani, wakapata umbo lenye undani wa angstromu 3.2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), hata dawa ya emetini ikaonekana iliposhika. Lakini wastani humeza kinachosogea.

Sisi tulitumia cryoDRGN, programu ya kompyuta ya mtandao wa neva isiyolazimisha ribosomu zote ziwe na umbo moja. Kila picha huipa namba zake, na kwa namba hizo huchora umbo. Umeme ulikatika, tukaanza upya, hayo tuyaache.

Adhana ya magharibi ilikuwa ikisikika kutoka Wandegeya mwenzangu alipoyapanga maumbo na kuyapitisha moja baada ya jingine. Sehemu kubwa ya ribosomu, tuliyoipaka kijivu, imetulia. Ile ndogo, ya manjano, ikageuka kidogo. Ikarudi. Ikageuka tena.

"Dada, umeona?"

"Rudisha."

Akarudisha. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikaufuta kwa mkono wa gauni, nikamwambia arudishe tena. Ribosomu zile zote zilikuwa zimeganda, na mpangilio ulikuwa wetu. Tena mtandao wa neva unaweza kuchora kisichokuwapo. Kwa hiyo tulizitenga picha za kundi lile, tukazijenga kwa njia ya zamani, ya wastani. Umbo lililogeuka likatoka lile lile.

Mtambo kama ule ndio uliokuwa ukifanya kazi ndani ya damu ya mdogo wangu, mwaka tuliomzika Bombo. Na mimi nilipouona unageuka nilifurahi, nikautamani tena na tena. Furaha ile mpaka leo sijui niiweke wapi.

Usiku nilimpigia mama nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mnajua pa kuupigia?"

Nikamwambia emetini inapajua, ila inaudhuru moyo wa mgonjwa.

"Basi tafuteni nyingine," akasema, akaniuliza kama nimekula.