Nilidhani bado nina saa nzima

Pikipiki ilisimama nje ya zahanati saa nane kasoro robo usiku. Walikuwa wamepakizana watatu: kijana wa bodaboda, mama mjamzito katikati, na mama mkwe wake nyuma akimshika kiuno. Kijana hakuzima hata injini. Alipowashusha tu, akageuza.

Zamu ya usiku kwetu ni nesi mkunga mmoja na mhudumu mmoja. Nilimlaza mama, nikapima presha, nikasikiliza mapigo ya mtoto, nikapima njia: mlango wa uzazi umefunguka sentimita 7 kati ya 10, chupa (mfuko wa maji ya mtoto) haijapasuka. Uzao wa nne. Nilipouliza uchungu umeanza lini, akajibu kwa shida, "Sasa hivi tu, sista." Kadi ya kliniki ilionyesha uzazi wote uliopita ulikuwa wa kawaida. Nikajisemea nina saa nzima hapa. Nikamtuma mhudumu akatayarishe vifaa, mimi nikaenda mezani kufungua patografu, chati ya kufuatilia uchungu.

Yaani nilimwacha. Mama wa uzao wa nne, njia sentimita 7, uchungu umeanza sasa hivi, nami nakwenda kuandika! Dalili zote zilikuwa mbele yangu. Maumivu yalikuwa yanafuatana bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi, miguu inamtetemeka, na alikuwa ameshaniambia anataka kwenda choo kubwa. Nilimjibu nitamletea beseni. Kila mkunga anajua choo cha namna hiyo mara nyingi ni kichwa cha mtoto.

"Sista! Kinakuja!"

Nilifika maji yakiwa yameshamwagika hadi sakafuni na nywele za mtoto zinaonekana. Bibi, yule mama mkwe, alikuwa amembana mama mapaja yote mawili kwa nguvu zake zote: "Subiri mwanangu, sista huyo anakuja."

"Mwachie, bibi. Mwachie kabisa."

Kichwa kinachotoka hakizuiwi. Ukikibana unaweza kumuumiza mtoto, hata mama mwenyewe. Kinachowezekana ni kukipunguzia mwendo. Nilivaa glavu, nikaweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa, taratibu tu, na kwa mkono wa kulia nikaegemeza msamba kwa kitambaa safi. Nikamwambia mama asisukume, ahemee mdomoni haraka haraka kama mtu aliyekimbia. Alikuwa ananitazama kama haelewi Kiswahili, basi nikahema mwenyewe kwa sauti. Akanifuata. Mhudumu aliniambia baadaye kwamba naye alikuwa anahema.

Kichwa kikatoka. Nikapitisha kidole shingoni: kitovu kimezunguka mara moja, kimelegea, nikakivusha juu ya kichwa. Mwili ukafuata kwa pigo moja. Saa nane na dakika kumi. Nikamweka mtoto juu ya tumbo la mama, nikamkausha kwa khanga na kumsugua mgongo, akalia. Khanga iliyolowa nikaitoa, nikamfunika kwa kavu kifuani kwa mama. Mtoto aliyekuja ghafla hivi anapoa upesi, maana hakuna aliyepata muda wa kumwandalia joto. Nikapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, mhudumu akaleta oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kutoka kwenye friji, nikachoma uniti 10 pajani. Kitovu nilikikata kilipoacha kupiga.

Kondo la nyuma lilitoka zima. Hapo ndipo wengi wetu hushusha mabega, lakini mimi baada ya uchungu wa kasi ndipo ninapokaza macho. Mfuko wa uzazi uliofanya kazi kwa pupa unaweza kulegea na damu ikamwagika. Nikaushika: mgumu kama dafu. Hata hivyo damu nyekundu mbichi iliendelea kuchuruzika. Mfuko mgumu na damu haikomi? Tafuta mchaniko. Kwa tochi nikauona, wa daraja la pili, yaani uliofika kwenye misuli, kwenye msamba. Nikakandamiza kwa gozi, nikachoma ganzi, nikashona.

Bibi alikuwa na lake. Uso wa mtoto ulikuwa na vidoadoa vya rangi ya zambarau, akahofia amelaaniwa au amebanwa na yeye. Nikamweleza kuwa ni vishipa vidogo vya damu vilivyopasuka kwa sababu ya kutoka kwa kasi, na kwamba huisha vyenyewe baada ya siku chache. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kama jambo la kawaida tu, "Hata wa tatu alimzalia njiani, chini ya mkorosho."

Chini ya mkorosho! Na kwenye kadi kumeandikwa "kawaida."

Kwa saa mbili nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda, kila dakika 15 presha, mapigo, damu, tumbo. Mama alikuwa bado anatetemeka. "Sista, sijui hata nimezaa saa ngapi," akaniambia. Nikamsimulia yote tangu aliposhuka kwenye pikipiki, polepole, na akaniomba nirudie pale mtoto alipolia.

Siku hizi kliniki nauliza kila mwenye mimba ya pili na kuendelea: uchungu wa mtoto aliyetangulia ulichukua muda gani? Nikijibiwa "haukuchukua muda," naandika juu ya kadi kwa kalamu nyekundu.

Siku ya saba walirudi, mtoto ana uso safi. Nikamwambia bibi, wa tano akija, kiuno kikianza kuuma tu, bodaboda iwe mlangoni. Akacheka. "Yule kijana? Sasa hivi akituona njiani anakata kona."