Balkoni ya Ghorofa ya Kwanza

Foromani alikuwa ameshawasha mashine ya zege kabla sijamaliza kupanda ngazi. Mbinu hiyo ni ya zamani: mkaguzi akikuta mashine inanguruma, mifuko ya saruji imeshapasuliwa na vibarua wamejipanga na karai zao, ataona haya kusema kazi isimame.

Ilikuwa Dodoma, 2018. Serikali ilikuwa inahamia, na kila mwenye kiwanja alitaka kujenga cha kupangisha. Yetu ilikuwa hosteli. Mimi nilikuwa mkaguzi msaidizi upande wa mshauri elekezi, kazi yangu kuangalia kilichofungwa kabla zege halijakifunika. Bosi wangu alikuwa Dar es Salaam siku hiyo, kwa hiyo fomu ya ruhusa ya kumwaga ilisubiri sahihi yangu.

Nyumbani walitegemea nikimaliza chuo nitakaa ofisini na michoro. Lakini nilikuwa nasoma ujenzi DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, wakati jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, si mbali na chuo chetu. Walikufa watu 36. Darasani tulishajua kupiga hesabu ya nguzo. Baada ya pale nikawa nataka kujua nani husimama saitini nguzo ikimwagwa, na ana nguvu gani ya kusema hapana.

Basi nikatoa tepu. Ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushia nondo kuu za bimu (boriti ya zege), zilikuwa safi, kila milimita 150 kama mchoro ulivyosema. Biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, zilikuwepo, nondo hazikugusa mbao. Fundi nondo yule alikuwa na mkono mzuri, sina la kumlaumu hapo. Kisha nikafika kwenye balkoni.

Ilitokeza mita moja na nusu nje ya bimu, mbele hakuna nguzo. Nondo zake zote zilikuwa zimelala chini, sawasawa na za slabu, yaani sakafu ya zege, ya ndani.

"Shikamoo mzee. Hizi za balkoni zinatakiwa juu."

"Marahaba. Binti, mimi nimeanza kujenga hujazaliwa. Nondo ni nondo, zege litazishika tu."

Fundi nondo akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Dada injinia, tulizifunga juu. Viti vya kuzishikilia vilikuwa vichache, mafundi umeme wakapita na mabomba yao, wakazikanyaga zote."

Nikamwambia foromani sisaini. Hapo akatokea mtu wa mkandarasi, shati limepigwa pasi, akanivuta pembeni: jua la Dodoma kali, nichukue basi hela ya maji. Nikamwonyesha chupa yangu, bado imejaa.

Huyo hakunisumbua. Walionisumbua ni kinamama wa karai. Mmoja alisema wametoka Nkuhungu kwa miguu alfajiri, na zege lisipomwagwa hakuna malipo. Sikuwa na jibu la maana. Nikampigia bosi.

"Umesaini?"

"Bado."

"Basi hakuna zege. Wafunge viti, na wewe usitoke hapo hata kwenda kunywa chai."

Nikamwomba foromani asiwarudishe vibarua, awape kazi ya kusogeza kokoto na mchanga mpaka nondo ziwe tayari. Alinuna, akazima mashine, lakini aliwapa.

Wakati vipande vya nondo vikikunjwa kuwa viti, kijana mmoja saidia fundi aliniuliza kuna ubaya gani nondo zikiwa chini. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile. Nikaomba kandambili yake kuukuu, nikaikata kidogo kwa wembe juu na chini, sehemu ileile. Nikashika kisigino, nikamwambia abonyeze ncha. Mkato wa juu ukaachama, wa chini ukajifunga. Slabu iliyolala juu ya bimu mbili huvutika chini, katikati yake; balkoni iliyoshikwa upande mmoja huvutika juu, pale inapoungana na nyumba. Zege halipendi kuvutwa, kazi hiyo ni ya nondo, na nondo iliyo upande usiovutwa imelala bure. Kijana akaibonyeza tena na tena, kisha akaenda kumwonyesha fundi umeme.

Zilipoinuliwa nikapima upya: zege la kuzifunika juu, na urefu wa nondo kuingia ndani ya slabu ya nyuma, maana zikiishia kwenye bimu hazina cha kujishikiza. Nikataka mbao za kupitishia toroli ili zisikanyagwe tena. Ndipo nikasaini. Zege lilianza saa saba mchana, tukamaliza kwa mwanga wa taa. Kwenye kitabu cha maelekezo niliandika pia kwamba mirunda ya balkoni, siku ya kutolewa ikifika, ianze kutolewa ncha ya nje kuja ndani. Foromani alisaini bila kusoma.

Tangu hapo salamu yangu aliiitikia kwa kichwa tu. Sikumlaumu sana, kuzuiwa na mtoto mbele ya vibarua wako si jambo dogo. Tulipofika ghorofa ya pili, siku moja kabla ya kumwaga, simu yangu ikaita jioni.

"Binti, njoo ukague balkoni leo leo. Kesho asubuhi nikiwasha mashine sitaki maneno."

Nikachukua tepu.